Kwa Nini Mkulima wa Kingolwira Hapandi Mbegu Moja

Kingolwira haijakosa majirani wanaojua mbegu. Ukitoka mjini Morogoro kwa barabara ya Dar es Salaam unapita kwanza viwanja vya Nane Nane, ambako kila Agosti kampuni za mbegu hujitapa kwa vitalu vya maonyesho. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko upande mwingine wa mji, chini ya Uluguru. Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, na Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, zote zina makao makuu Morogoro. Kituo cha utafiti cha Ilonga, chenye historia ndefu ya kuzalisha aina za mahindi na mtama, kiko Kilosa, mkoa huo huo. Hata gereza la Kingolwira linajulikana kwa kilimo.

Pamoja na hayo yote, ukiingia kwenye jiko la mkulima wa pale mwezi wa Februari, masika yakikaribia, usishangae kukuta mahindi ya mbegu yametundikwa juu ya moshi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Chini, kwenye ndoo yenye mfuniko, ipo pakiti ya kilo mbili ya chotara iliyonunuliwa duka la pembejeo. Kwenye chupa ya maji kuna mtama uliochanganywa na majivu. Mkulima ni mmoja, na ekari zake hazizidi tatu.

Kwenye semina hali hii huwa na maelezo mepesi: elimu bado haijawafikia, wakulima wetu wagumu kubadilika. Sikubaliani nayo. Mahindi yenyewe ni mgeni kutoka Amerika, na mengi yanayoitwa ya kienyeji leo yana damu ya aina za kituo cha utafiti. Watu waliopokea yote hayo ndani ya vizazi vichache si wagumu wa kubadilika. Tatizo ni kwamba mtaalamu huja na swali moja, ipi inazaa zaidi kwa ekari, ilhali mkulima ana maswali matano au sita, na mavuno kwa ekari ni mojawapo tu.

Tuanze na mvua. Nyanda za chini za Morogoro zina misimu miwili. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo tegemeo. Vuli, inayoanza Oktoba au Novemba na kuishia Januari, haina ahadi: mwaka mmoja inajaza mito inayoshuka mlimani, mwaka mwingine inanyesha wiki mbili kisha inayaacha mahindi yakauke yakiwa magotini. Vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600, na mvua inayotoka baharini humwagika kwa wingi kwenye miteremko ya mashariki. Mtu wa Kingolwira, aliye tambarare, huweza kushinda siku nzima akitazama wingu zito juu ya mlima huku shambani kwake kuna vumbi.

Kwa vuli mkulima huyu anataka mahindi yanayowahi. Kito, iliyotolewa mwaka 1983, ilitengenezwa kwa kazi hiyo; huiva kwa siku 90 hivi. Situka M1 ilitoka kituo cha Selian, Arusha, mwaka 2001. Katumani, ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina kuliko aina nyingine yoyote, ilitoka kituo cha Katumani, Machakos, nchini Kenya. Gharama ya kuwahi ni mavuno, maana mmea unaomaliza maisha yake kwa miezi mitatu haupati muda wa kujaza hindi kubwa. Kwa masika anataka kitu cha muda zaidi. Staha, iliyotolewa mwaka ule ule wa 1983 kwa ajili ya nyanda za chini, huchukua karibu miezi minne na huzaa vizuri zaidi ikiridhika na mvua. Chotara za muda mrefu, kama SC 719 ambayo wakulima wameizoea kwa jina la Tembo, zinakwenda mbali zaidi kwa muda na kwa mavuno.

Hapo ndipo hesabu ya mtaalamu na ya mkulima zinapoachana. Chukua mfano, na ni mfano tu wa kufundishia. Aina ndefu inatoa magunia 15 kwa ekari mvua ikiwa nzuri, na mawili ikikatika. Aina fupi inatoa 9 mwaka mzuri na 5 mwaka mbaya. Kama miaka mizuri na mibaya inapokezana sawasawa, wastani wa ndefu ni magunia manane na nusu, wa fupi ni saba. Kwenye jedwali ndefu imeshinda. Lakini familia inayokula magunia sita kwa mwaka, na isiyo na akiba benki, haili wastani. Mwaka mbaya, mwenye aina fupi amepungukiwa gunia moja. Atauza kuku na kufyatua matofali. Mwenye aina ndefu amepungukiwa manne, na atayanunua Januari au Februari, bei ikiwa imepanda, kwa fedha ambayo ingelipa kibarua wa palizi. Palizi ikichelewa, na mwaka unaofuata umeharibika. Anayegawa shamba, nusu ndefu nusu fupi, anajua kabisa kwamba hatavuna kilele. Amenunua bima, na amelipa kwa magunia ambayo hakuyavuna.

Swali la pili linaulizwa mara chache sana na sisi tunaoshauri: shamba ni la nani? Mji wa Morogoro unasogea kufuata barabara, na mashamba yanageuka viwanja. Wanaolima ardhi ya kukodi ni wengi, na mkodishaji anaweza kubadili mawazo mara tu akipata mteja wa kiwanja. Aliyekodi kwa msimu mmoja hatapanda kitu cha kumkalisha shambani hadi Agosti. Atachagua kinachowahi kuuzika. Mwenye shamba la ukoo yuko katika hali nyingine. Kwa Waluguru, kwa desturi, ardhi hufuata ukoo wa mama, na anayelima sehemu aliyopewa na mjomba wake anaweza kuwaza miaka kadhaa mbele, akatengeneza rutuba, akatunza mbegu moja na kuijua tabia yake. Wote wawili wanaandikwa kwenye takwimu kama wakulima wadogo wa mahindi, na wote wanapewa kipeperushi kile kile.

Sasa niingie ghalani, maana ndiko aina nyingi za kisasa zinakofia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini mdudu kutoka Amerika ya Kati, na uharibifu wake ulionekana kwanza mkoani Tabora. Wataalamu walimtambua mapema miaka ya 1980. Wakulima walikwishampa majina: dumuzi, na pia Scania, kwa sababu alikuwa na nguvu kama lile lori. Dumuzi haishii kutoboa punje kama fukusi wa zamani, anazisaga. Na hupenda zaidi kushambulia punje zikiwa bado zimekazwa kwenye gunzi. Kabla yake, kuhifadhi mahindi na maganda yake kulikuwa kinga nzuri. Baada yake kampeni zikahimiza kupukuchua mapema na kuchanganya na dawa ya unga, kama Actellic Super, ambayo inahitaji fedha taslimu kila mwaka.

Mwangalie mama mmoja wa Kingolwira akipokea hindi la aina asiyoijua. Hatazami ukubwa kwanza. Anashika ncha na kuibonyeza kwa kidole gumba. Anataka maganda yafunike hindi hadi yapite ncha na kukaza, kwa sababu ncha ikichungulia nje, maji ya mvua ya mwisho yanaingia na fukusi anatangulia shambani kabla mavuno hayajafika nyumbani. Kisha anamenya, anageuza hindi kwenye mwanga. Punje inayong'aa kama kioo, au punje yenye kibonyeo cheupe kichwani? Mwisho anang'oa moja na kuing'ata. Ikigoma, anaitikia kwa kichwa. Ikipasuka kwa urahisi, anairudisha kwa adabu na kusema mbegu nzuri. Afisa aliyeileta ataandika kwamba imepokelewa vizuri.

Alichokuwa anapima kina mantiki. Punje ngumu huchelewa kuliwa na wadudu. Vile vile mashine ya kukoboa inaiheshimu. Familia inayokula sembe hupeleka mahindi yakavuliwe ganda na kiini kabla ya kusagwa. Punje laini hukatika wakati wa kukobolewa na sehemu kubwa ya unga wake huondoka na pumba. Mkulima akilinganisha kilichorudi nyumbani, magunia 15 ya aina laini yanaweza yasimzidi sana jirani mwenye 12 ya aina ngumu. Kuku watafurahi. Kwa wanaokula dona hasara hiyo haipo, kwa sababu kila kitu kinasagwa pamoja. Kwa hiyo aina inayofaa nyumba moja huenda isifae ya jirani kwa sababu tu hawa wanakula sembe na wale dona.

Sokoni mambo yanageuka tena. Mahindi makavu bado yanauzwa sana kwa debe, yaani kwa ujazo. Debe la lita 20 hubeba mahindi ya kilo 17 au 18 hivi, lakini punje ngumu na nzito hulifanya kuwa zito zaidi, na laini hulifanya kuwa jepesi. Muuzaji analipwa debe lile lile. Maana yake, soko la debe linamwadhibu anayeuza mahindi mazito na kumpendelea mwenye mepesi, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inaongeza chumvi kwenye kidonda. Mkulima makini anafuata bei inavyomwelekeza: aina laini yenye mavuno makubwa kwa ajili ya kuuza, ngumu kwa ajili ya kula. Kama tungetaka apande ngumu kwa soko, dawa ingekuwa mizani, wala si semina ya mbegu.

Na anayeuza mabichi ana sheria zake. Kingolwira iko karibu na barabara kuu na karibu na Msamvu, kituo cha mabasi ambako mahindi ya kuchoma na ya kuchemsha hayakosi mteja. Pale hindi linauzwa moja moja. Hakuna anayeuliza kilo wala ugumu wa punje. Mteja aliye dirishani mwa basi anatazama urefu wa hindi na kama limejaa hadi ncha. Hapo chotara la hindi kubwa halina mpinzani, na udhaifu wake ghalani haumhusu mtu, maana halitafika ghalani. Nimewaona wakulima wanaosemwa kuwa wagumu wa kubadilika wakinunua chotara la bei ya juu kwa robo ekari ya mahindi mabichi bila kushawishiwa na yeyote, na wakibaki na mbegu ya moshini kwa shamba la chakula. Ukichukua takwimu ya robo ekari utaandika kwamba amebadilika. Ukichukua ya shamba la chakula utaandika kwamba amekataa.

Teknolojia nayo inahamisha mipaka hii. Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka kadhaa inayojulikana zaidi kwa jina la PICS, inamnyima mdudu pumzi, na dumuzi hufa ndani bila dawa. Nyumba yenye mifuko hiyo inaweza kuvumilia punje laini zaidi. Hili halijadiliwi vya kutosha: ukitaka kueneza aina fulani ya mahindi, wakati mwingine anza kwa kuuza mfuko.

Kwenye mtama hesabu inakuwa ya kijiji kizima. Tegemeo, Pato na Macia ni aina nyeupe, tamu, zinazotoa ugali mzuri, na kwelea kwelea wanakubaliana na maoni hayo. Mitama myekundu yenye uchungu wa tanini huwachosha ndege, nayo humchosha mlaji pia, isipokuwa ikiingia kwenye pombe. Mtu mmoja akipanda mtama mweupe unaowahi wakati majirani wote wana mahindi au mtama unaochelewa, amewaandalia ndege karamu na yeye ndiye mwenyeji peke yake. Watoto watalinda tangu alfajiri, na siku hizi watoto wako shule. Majirani ishirini wakipanda aina moja wiki moja, ndege wale wale wanagawanyika na hasara ya kila mmoja inapungua. Kwa hiyo mtama mweupe hauwezi kuenezwa kwa kumpa mkulima mmoja wa mfano pakiti na kusubiri wengine waige, njia ambayo ndiyo tunayoipenda. Huyo wa mfano ndiye atakayeliwa.

Mtama pia una kiduha, gugu linalonyonya mizizi chini ya udongo na kutoa maua mazuri wakati mmea umekwisha. Mwaka 2002 zilitolewa nchini aina mbili zinazokikabili, Hakika na Wahi, matunda ya kazi iliyohusishwa na Gebisa Ejeta, Mwethiopia wa Chuo Kikuu cha Purdue aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Majina mazuri, na sayansi ya uhakika. Mwenye shamba lisilo na kiduha, hata hivyo, hana sababu ya kuzilipia, na kiduha hakiko kila mahali.

Mpunga wa mabondeni nitaupita haraka kwa sababu kisa chake kinajulikana. Supa ina harufu na bei. Ina mwili mrefu unaolala, na ugonjwa wa kimyanga unaweza kuumaliza. Saro 5, yaani TXD 306, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni fupi, inazaa zaidi sana ikipata maji na mbolea, na ina harufu kidogo ya kuvumilika. Penye mfereji, kama Dakawa na Mkindo, Saro imejichukulia nafasi yake. Penye kutegemea mvua na mteja anayenusa kabla ya kununua, Supa bado ina wenyewe.

Sasa yale mahindi juu ya moshi. Mbegu ya chotara ikirudiwa hupoteza nguvu. Chotara la wazazi wawili, kwa mfano, hupoteza kama nusu ya ule uhodari wake wa ziada katika kizazi cha pili. Hili wakulima wa Kingolwira wanalijua bila darasa, ndiyo maana wengi hununua chotara kidogo, kwa shamba la mahindi mabichi, na hawalitunzi. Staha, Kito, Situka M1 na TMV-1 ni kundi lingine. Zinachavushana zenyewe shambani na mkulima akizitunza vizuri anaweza kuzirudia kwa misimu kadhaa.

Mwaka 2014 Ola Westengen na wenzake kutoka Norway walichapisha utafiti kuhusu ukanda wenye mvua haba nchini Tanzania. Walikuta kwamba aina mbili tu, Staha na TMV-1, zote za miaka ya 1980, ndizo zilizokuwa kwenye theluthi mbili ya mashamba ya mahindi ya kaya walizozichunguza, na kwamba kurudia mbegu na kuchagua mahindi ya mbegu nyumbani ni kazi ya kawaida. Walipopima vinasaba waliona kwamba Staha iliyo mikononi mwa wakulima imeanza kuwa na sura yake, tofauti na ile ya wazalishaji rasmi. Wakulima walipoulizwa wanachagua kwa kigezo gani, uvumilivu wa ukame na mavuno ndivyo vilivyotangulia. Kwa lugha nyingine, kituo cha utafiti kilitoa mbegu, kisha wakulima wakaendelea na uzalishaji pale watafiti walipoishia, bila mshahara.

Sitaki kuwapamba. Uchaguzi wa mbegu unaofanyika nyumbani, mahindi yakiwa tayari rundo uani, una kasoro moja kubwa: hindi kubwa linaweza kuwa kubwa kwa sababu mmea wake ulisimama peke yake penye samadi, si kwa sababu ya damu yake. Anayechagua vizuri huchagua shambani, mmea ukiwa bado umesimama. Anakwenda katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, anafunga kitambaa kwenye mimea yenye afya iliyobanana na mingine na bado ikazaa, kisha anayavuna hayo peke yake na kutupa punje za ncha na za kitako. Kanuni ya mbegu rasmi ni kutenga shamba mita 200 kutoka mahindi mengine. Kwa wenye ekari moja moja hilo haliwezekani, ila anaweza kupanda wiki tatu kabla au baada ya jirani ili chavua zisikutane. Haya ndiyo masomo ambayo bwana shamba angepaswa kuwa nayo mkononi. Mara nyingi anayo ya chotara pekee.

Tumewahi kulipa gharama ya kutouliza. Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mradi wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Waluguru walilalamika kwamba kazi ni kubwa na kwamba udongo wa chini usio na rutuba unaletwa juu. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi, na mradi ukafa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Dawa ndiyo iliyokuwa na hesabu mbovu, na waliokuwa wakilishika jembe waliiona mapema kuliko waliokuwa wakiishika kalamu.

Wala si Waafrika peke yao. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wa wakulima 259 wa Iowa, Marekani. Mbegu chotara ilikuwa imeingia huko mwishoni mwa miaka ya 1920, na kufikia 1941 walikuwa wamebaki wawili tu wasioipanda. Wengi waliisikia kwanza kwa wauzaji, lakini aliyewashawishi alikuwa jirani, na walianza na kipande kidogo kabla ya kupanda shamba zima. Mwaka 1957 mwanauchumi Zvi Griliches akauliza kwa nini Alabama ilichelewa sana nyuma ya Iowa. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwamba chotara zinazofaa udongo na hali ya hewa ya Alabama zilichelewa kutengenezwa, kwa kuwa soko lake halikuwavutia wazalishaji. Watu wa Alabama walikuwa wakisubiri mbegu yao. Swali hilo hilo liulizwe kuhusu Kingolwira kabla ya kumlaumu mtu yeyote pale.

Dukani, wiki moja kabla ya mvua, mazungumzo huenda hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nipe mbegu."

"Chukua hii, mama, inazaa sana. Magunia 30 kwa ekari."

"Inakoboleka?"

Kijana anageuza pakiti. Imeandikwa siku za kuiva, kiasi cha mavuno, kimo cha eneo, nafasi ya kupandia. Kukoboleka hakupo. Kufunika ncha hakupo. "Hapo mama sijui, ila watu wanaichukua."

"Basi nipe ya kilo mbili nikaione kwanza."

Huyo mama ametumia njia ya Iowa bila kuisoma, na kama duka lina pakiti za kilo kumi tu, ameondoka mikono mitupu. Kilo kumi ni mbegu ya ekari nzima. Kumwambia anunue ekari nzima ya kitu asichokijua ni kumwambia acheze kamari na chakula cha wanawe. Mfumo wa vocha za pembejeo, uliokuwepo kati ya 2008 na 2014, ulipunguza mzigo huo kwa kulipia takriban nusu ya bei ya mbegu na mbolea za ekari moja. Wapo walioutumia kujaribu, na wapo waliouza vocha zao kwa sababu nusu iliyobaki nayo ilikuwa fedha. Hata hivyo vocha iliamua kipimo, na mara nyingi aina ilikuwa ile iliyopatikana kwa wakala.

Kuna njia ya kati ambayo sheria inairuhusu. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inazuia kuuza mbegu isiyothibitishwa, lakini inatambua daraja la mbegu za kuazimiwa ubora: mkulima aliyesajiliwa anazalisha aina iliyotolewa rasmi, shamba lake linakaguliwa, na anauzia wenzake wa eneo lake, awali ndani ya kata na baadaye wilaya. Kwa Staha au Situka M1 mpango huu unafaa kuliko wowote, kwa sababu kampuni binafsi hazina hamu na mbegu ambayo mteja hatarudi kuinunua kila mwaka. Mbegu ya jirani inayojulikana, yenye ukaguzi, kwa bei ya kijijini. Ni aibu kwamba ndani ya mkoa wenye TOSCI na ASA huduma hii bado haijawa ya kawaida kama duka la vocha za simu.

Kwa kampuni za mbegu na kwa TOSCI, ombi langu ni wino. Kwenye pakiti, chini ya siku za kuiva, ongezeni mistari mitatu: punje ni ngumu au laini, maganda yanafunika ncha au hayafuniki, na katika mahindi ya kilo mia moja unapatikana unga wa sembe kilo ngapi. Hivi vinapimika, na havihitaji mradi. Tena pakiti ya kilo moja iwepo katika kila duka hadi mvua inapoanza.

Na wewe unayelima, Kingolwira au kwingineko: pakiti mpya usiipande shamba lote. Panda mistari kumi kando ya mbegu yako ya zamani, siku ile ile, kwa mbolea ile ile. Ukivuna, peleka debe moja la kila aina kwenye mashine na upime unga uliorudi. Nembo ya TOSCI ikwangue na kuihakiki kabla hujaondoka dukani, na pakiti na risiti uvitunze hadi mbegu iote, kwa sababu ikigoma kuota, malalamiko yako yataanzia hapo.